Tusikifanye Kiswahili Lugha ya Vibao

Ndugu walimu, wazee walisema tembea uone. Mwishoni mwa Oktoba 2022 sisi wawili, walimu wa Kiswahili wa hapa Kampala, tulisafiri hadi Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, kumtembelea mwenzetu aliyepata kufundisha pamoja nasi kabla ya kuhamia huko. Tulikaa siku tatu tu, Jumamosi hadi Jumatatu. Na Jumatatu hiyo, tarehe 31, ilikuwa siku ya mapumziko ya taifa, tena ndio usiku wa Halloween. Tuliporudi tuliyasimulia tuliyoyaona katika chumba cha walimu, na papo hapo vita vya maneno vikazuka. Twaandika makala haya kwa sababu ya vita hivyo, maana twaamini kwamba pande zote mbili zilikosea, na kosa lenyewe latuhusu sisi tushikao chaki.

Upande wa kwanza ulidai kwamba tumekwenda kutazama ibada ya shetani, na kwamba mwalimu mwenye heshima zake asingelitaja jambo hilo mbele ya wanafunzi. Upande wa pili ulishangilia. Wao walitaka shule yetu nayo inunue barakoa za kutisha, watoto wavae, wajifunze Kiingereza cha kisasa.

Wa kwanza tunawauliza: je, mmeuliza asili yake? Neno Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Kanisa ya tarehe 1 Novemba, ambayo wengi wenu huisali kila mwaka. Kabla ya Ukristo kufika, Waayalandi waliuita usiku huo Samhain. Mavuno yalikuwa yamekwisha, ng'ombe wamerudishwa kutoka malishoni, na majira ya giza na baridi yanaanza. Iliaminika kwamba usiku huo mpaka kati ya walio hai na waliokufa huwa mwembamba. Hata leo Samhain ndilo jina la mwezi wa Novemba katika lugha ya Kiayalandi. Watu walichonga tanipu, mboga ya mzizi inayojaa kiganja, wakaipa macho na meno, wakatia taa ndani yake. Wahamiaji wa karne ya 19, hasa waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, wakaichukua desturi hiyo hadi Marekani, na huko wakakuta boga, kubwa zaidi na jepesi kuchonga. Boga likashika nafasi ya tanipu. Sasa limerudi Dublin kwa njia ya dukani, nalo ni la plastiki.

Basi ninyi wa upande wa pili, hicho mnachotaka kukinunua ni ganda. Mwenzetu alitukatia mkate wa zabibu uitwao barmbrack, ambao ndani yake hufichwa pete. Atakayeipata, husemwa, ataoa au kuolewa kabla ya mwaka kwisha. Pete ilimwangukia mmoja wetu ambaye ana mke na watoto wanne, tukacheka sana. Hicho kilikuwa kitu cha wenyeji. Lakini watoto waliogonga mlango usiku huo, wamevaa barakoa, waliomba peremende kwa maneno ya filamu za Kimarekani. Sikukuu ni yao tangu kale; maneno wameazima.

Hapo ndipo tulipoanza kuvitazama vibao. Katika mji ule kila kibao cha barabara kina lugha mbili, Kiayalandi juu na Kiingereza chini. Katiba ya mwaka 1937 yakitaja Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza. Watoto hufundishwa shuleni kwa miaka mingi. Tarehe 1 Januari 2022 lugha hiyo ilifikia hadhi kamili katika Umoja wa Ulaya. Lakini kwa siku tatu, barabarani, sokoni na ndani ya basi, hatukuisikia ikisemwa hata mara moja. Katika sensa ya mwaka huo huo watu zaidi ya 1,870,000 walisema wanakijua Kiayalandi. Waliosema kwamba hukitumia kila siku nje ya masomo hawakuzidi 72,000. Hatuyasemi haya kwa kuwacheka. Lugha ile ilipigwa na utawala wa Kiingereza, ikapigwa tena na njaa, na wako wanaoipigania hadi leo kwa moyo wote. Twasema tu kwamba cheti ni kitu kimoja, na kinywa ni kitu kingine.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa la Uganda. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikitia katika masomo ya lazima ya miaka ya mwanzo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali tena kitumike rasmi. Hivyo vyote ni vibao, ndugu zetu. Kinywa kiko wapi?

Tutatoa ushahidi dhidi yetu wenyewe. Jioni ile binti wa mwenzetu, mwenye umri wa miaka minane, alijifunika shuka jeupe akatuuliza, "Mjomba, mimi ni nani kwa Kiswahili?" Mmoja wetu akajibu, "Shetani." Mwingine akasahihisha, "Jini." Mama yake akapaza sauti kutoka jikoni: "Niacheni na mashetani yenu! Bibi yake angesema omuzimu."

Tulinyamaza kwa aibu. Mzimu! Shetani ni adui wa Mungu. Jini ni kiumbe cha namna yake. Pepo humpanda mtu. Bali mzimu ni roho ya aliyekufa. Ni neno la Kiswahili sanifu, ndugu wa damu wa omuzimu wa Kiganda na Kinyankole, na umuzimu wa Kinyarwanda. Sisi wenye vyeti hatukulikumbuka, kwa kuwa halimo katika mtihani. Tumefundisha ngeli miaka kumi na minane, lakini hatujapata kumwomba mwanafunzi hata mmoja atusimulie hadithi aliyosimuliwa na bibi yake usiku.

Wako wananchi wanaoogopa kwamba Kiswahili kitazimeza lugha zao. Tumezoea kuwajibu kwa dharau, kana kwamba hofu yao ni ujinga. La hasha! Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kutamka omuzimu darasani ni mrithi wa yule aliyemwadhibu mtoto wa Kiayalandi kwa lugha ya mama yake. Kiswahili kikiingia kwa mlango huo, kitakuwa Kiingereza cha pili, na kitapata malipo yale yale: kusomwa, kupasiwa na kusahauliwa.

Kwa hiyo hatutaki Halloween ipigwe marufuku, wala hatutaki inunuliwe. Twataka juma la mwisho la Oktoba lifanyiwe kazi yetu. Mtoto wa Kiganda aseme "Kkoyi kkoyi," wenzake waitikie "Lya". Kisha mwalimu aseme "Kitendawili," darasa lijibu "Tega," na wote waone kwamba ni mlango mmoja wenye funguo mbili. Mtoto wa Kiteso na wa Kilugbara nao walete yao, wayasimulie kwa Kiswahili, na neno lisilopatikana lisemwe kama lilivyo kwao. Kule Makunduchi, Unguja, kila Julai watu huadhimisha Mwaka Kogwa kwa mapigano ya migomba, kibanda cha kuchomwa moto, nyimbo na karamu, na hawakuhitaji kibao wala amri ya kuwakumbusha maneno yake. Sikukuu yao ingali na ulimi.

Wenzetu watasema kwamba mtaala hauna nafasi. Twajibu kwamba dakika kumi za Ijumaa zatosha kuanzia. Mkataa kwao ni mtumwa, na mwalimu amfundishaye mtoto kukataa kwao ana dhambi kubwa kuliko boga lolote lenye mshumaa.