Kagera ina miguu, haina breki

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika. Tadej Pogačar akabeba dhahabu kwenye vilima ambavyo mtu wa Bukoba au Muleba akiviona anasema, mbona hapa ni nyumbani? Sasa sisi tunakwama wapi?

Si miguu. Jamaa anayesukuma mikungu mitatu ya ndizi mlimani kwenda sokoni ana pumzi ya kucheza dakika 120 pale Kaitaba.

Tatizo la kwanza ni vifaa. Baiskeli nyingi ni za chuma, hazina gia, tairi ni vipara, na breki ni ndala ya mwendeshaji. Mvua ya Aprili ikipiga, ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni.

La pili ni nidhamu. Kijia cha migombani ni cha wote: mama mwenye ndoo, mwanafunzi, ng'ombe. Kanuni yake ni rahisi kuliko ofsaidi: anayeshuka ampishe anayepanda, maana mwenye mzigo akisimama mlimani kuondoka tena ni kazi. Kengele ipigwe mapema. Penye tope, shuka ukokote; ukilazimisha, tairi linachimba mfereji na mvua inaumalizia.

Rwanda haikuanzia kwa Pogačar. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alikimbia mbio za baiskeli za milimani Olimpiki ya London. Nasi tuanze na mbio za Jumapili moja tu, kwa sharti moja: huna breki mbili na kofia ngumu, hupangwi.