Thimlich Ohinga: Madai Manne Yanayopotosha

Maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, ndiyo makubwa na yaliyohifadhika vizuri zaidi ya aina yake katika eneo letu la Ziwa Victoria. Inaaminika yalijengwa katika karne ya 16. Serikali iliyatangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 yakaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, kuanzia Kisumu hadi Migori bado yanavuma madai yanayoyadhalilisha maboma hayo, na mengine yanayahatarisha. Nayajibu manne, moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Mababu zetu hawakujua kujenga kwa mawe. Hii ni kazi ya wageni."

Wageni gani hao? Watafiti wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya mawe katika eneo hili la ziwa. Mpita njia hajengi mara mia tano. Kazi hiyo ni ya wenyeji waliolijua jiwe la kwao na kurithishana ujuzi.

Tazama pia mpangilio wenyewe. Ndani ya ukuta mkubwa kuna zizi la ng'ombe, na kuna dalili za mahali zilipokuwa nyumba na maghala. Mlango ni mwembamba na mfupi, umefunikwa juu kwa mawe mapana. Anayeingia huinama, na huingia peke yake, hivyo adui alijikuta ameinamisha kichwa mbele ya wenye boma. Hayo ni maisha ya wafugaji na wakulima wa hapa. Vigae vilivyochimbuliwa navyo ni vya vyungu vya kienyeji.

Uvumi huu si mgeni Afrika. Magofu ya mawe ya Great Zimbabwe nayo yalisemwa kuwa ni ya Wafoinike, au ya Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver aliupinga uvumi huo mwaka 1905, na mwenzake Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929 kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Lakini serikali ya walowezi wa huko iliendelea kuushikilia uvumi huo kwa miaka mingi, kwa sababu ulihalalisha unyang'anyi wa ardhi. Sisi tunaurudia kwa faida ya nani?

Dai la pili: "Ni ya kabila letu peke yetu."

Historia simulizi na akiolojia zinakubaliana hapa: jamii mbalimbali, za Kibantu na za Kiniloti, ziliishi humo kwa zamu. Kundi moja lilipohama, jingine liliingia, likakarabati kuta na kuendeleza mtindo uleule wa ujenzi, hadi wakazi wa mwisho walipoondoka katika karne ya 20. Maboma makuu manne yanaitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Majina hayo ya Kijaluo ni ya haki, kwani Wajaluo waliishi humo na kuyatunza. Lakini jina la mkazi wa mwisho halimfuti mjenzi wa kwanza. Anayedai urithi huu kwa kabila moja anaukata nusu.

Dai la tatu: "Chini yake kuna dhahabu, ndiyo maana wasomi wanachimba."

Hili ndilo dai la hatari kuliko yote, kwa sababu humtia mtu jembe mkononi usiku. Wanaakiolojia wamechimbua vigae, mifupa ya wanyama, shanga na dalili za uhunzi wa chuma. Mfupa unaeleza mifugo gani ilichinjwa. Shanga ya kioo inaeleza biashara iliyofika mbali. Lakini vitu hivyo husema pale tu vinapokutwa mahali pake. Kwa kawaida, kigae kilicho katika tabaka la chini ni cha zamani kuliko kilicho juu yake, na mkaa uliolala kando yake unaweza kupimwa umri. Kikishatupwa nje ya shimo, kinakuwa kipande cha chungu tu, na hakuna msomi atakayeweza kukirudishia ushahidi wake.

Haraka na tamaa zimeharibu makubwa. Kati ya 1902 na 1904, Richard Hall, msimamizi wa magofu hayo, aliondoa udongo mwingi ndani ya Great Zimbabwe, na ushahidi mwingi ukapotea nao. Huko Roma, katika miaka ya 1930, dikteta Mussolini aliamuru mtaa mzima uliolizunguka kaburi la Kaisari Augusto ubomolewe ili yeye mwenyewe apate sifa. Karne nyingi za maisha ya watu wa kawaida zikafagiliwa kwa ajili ya mkubwa mmoja. Sisi tusiyafagie ya kwetu kwa ajili ya dhahabu ya uvumi.

Dai la nne: "Kuta hazina saruji. Tuziwekee, la sivyo zitaanguka."

Zimesimama karne kadhaa bila saruji, nyingine zikiwa na kimo cha zaidi ya mita 4 na unene wa wastani wa mita 1. Mawe yamepangwa safu ya nje na ya ndani, na madogo yakajazwa katikati kuzishikanisha. Maji ya mvua hupenya na kutoka, na ardhi ikitikisika kidogo, mawe hujiweka sawa. Saruji ingeyafunga maji ndani na kuukaza ukuta hadi upasuke. Hatari halisi ni mizizi ya miti, mifugo inayopanda juu ya kuta, na watu wanaochomoa mawe. Dawa yake ni kufyeka vichaka, kuizuia mifugo, na kupanga upya kwa mikono jiwe lililoanguka, kama walivyofanya waliojenga.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila leseni. Lakini mlinzi wa kwanza si sheria, ni jirani. Wewe unayelima Nyakach, Seme au Kadem, jembe lako likigonga vigae au mawe yaliyopangwa, simama. Usichomoe wala usimuuzie mtu. Piga picha, weka alama, kisha toa taarifa kwa chifu au Makumbusho ya Kisumu.