Theluji ya Newala Imetoka Wapi?

Kuna dogo mmoja wa Masasi, jina kapuni, anawakosesha watu usingizi WhatsApp na hadithi yake ya fantasia. Kila jioni anatupia kipande, magrupu yanachachamaa. Kipaji anacho, hilo halina ubishi. Lakini humo ndani kuna ngome, joka linalotema moto, mfalme anaitwa Alaric, na theluji hadi magotini. Theluji! Kwa mtu aliyekulia chini ya mikorosho!

Hayuko peke yake. Dada mmoja wa Newala, naye ana wafuasi wa kutosha, alishauriwa aandike ya kwao akajibu kwamba kwao hakuna fantasia, kuna ushirikina tu. Hapo ndipo panapokera.

Hakuna? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akikusanya masimulizi. Moja la Wamakonde linasema hivi: zamani mtu mmoja aliishi porini peke yake, haogi, hanyoi. Siku moja akachonga kinyago, akakisimamisha karibu na makazi yake. Usiku kinyago kikapata uhai, kikawa mwanamke. Wakateremka pamoja mto Ruvuma kuoga. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde jingine, wa pili naye akazaliwa amekufa. Walipopanda hadi Mahuta, wa tatu akaishi. Ndipo wazao wakaambiwa wasikae mabondeni penye maji mengi.

Sasa tazama ufundi. Maajabu yapo, ila yana sharti, na sharti lina gharama. Huko juu maji ni shida, na kwa vizazi vingi kina mama wameshuka mabondeni na kupanda mlima na mtungi kichwani. Hadithi imeingia hadi jikoni kwa watu. Je, joka la yule dogo linamgusa nani? Shujaa wake akizidiwa, sehemu inayofuata anaokota upanga mpya. Hakuna anayelipa chochote.

Watetezi wake watasema fantasia ni mambo ya Wazungu, lazima iwe hivyo. Si kweli. Tolkien mwenyewe alichimba masimulizi ya kale ya kaskazini mwa Ulaya, Kalevala ya Wafini ikiwemo. Alienda kisimani, hawa wanachota kwenye ndoo yake. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, akawaweka watawala kwenye mizani bila theluji hata tone. George Lilanga, aliyezaliwa 1934 upande huohuo wa Masasi, mashetani yake yamefika maonesho ya Ulaya na Japani. Huko hakuna aliyeyaita ushamba.

Kinachouma ni hiki: simulizi la kinyago limekaa salama kwenye kitabu cha Mjerumani, wakati bibi yake yule dada anaweza kuwa barazani na mengine kumi ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Siku akiondoka, ameondoka nayo.

Dogo asome Tolkien, hata usiku kucha, hakuna anayemkataza. Ila kabla ya kutupia sehemu nyingine, apande gari hadi Newala, asimame pale Shimo la Mungu, atazame lile bonde na ajiulize ni nani anaweza kupanda kutoka kule chini. Hawezi kuwa Alaric.