SIKU YA KLINIKI SI SIKU YA UTORO



Katika mkutano wa tawi, mwanachama wetu mmoja, mchuma majani ya chai, alisimama akaeleza yaliyompata. Mimba yake ya kwanza alizaa kwa kupasuliwa. Ya pili ilipofika miezi saba, mkunga wa dispensari alimpima presha akaona imepanda, akampa barua aende kwa daktari bingwa wa uzazi katika hospitali kubwa ya kaunti. Alipomwonyesha nyapara barua ile aliambiwa, "Nenda, lakini asiye na kilo hana pesa, na ukikosa siku mbili utaandikwa mtoro." Mama yule akapiga hesabu ya unga na karo, akaamua kungoja mwisho wa mwezi. Siku ya sita, usiku, akashikwa na kifafa cha mimba. Motokaa ilipatikana alfajiri. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Hatutaji jina lake wala shamba lake, maana jambo hili si la shamba moja.

Mimba nyingi huenda salama mikononi mwa mkunga. Lakini mama mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, mapacha, au kovu la kupasuliwa, ahitaji bingwa, na hospitali yenye damu ya akiba na chumba cha kupasulia kilicho tayari usiku na mchana. Dispensari haina vitu hivyo, wala hatuilaumu. Kazi yake ni kuona hatari mapema na kuandika barua. Mkunga yule alifanya kazi yake. Barua ndiyo iliyozuiwa njiani.

Wala tusidanganyane kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu tu. Kifafa cha mimba chazuilika. Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi, ukatangazwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa dawa ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini dawa haimfikii aliye shambani na kikapu mgongoni. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa katika Kenya wanawake 355 walikufa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai.

Waajiri watatujibu kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mama miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Ni kweli, na twaishukuru. Lakini kifungu hicho hakitaji siku za kwenda kupimwa wakati mimba ingali tumboni. Zipo siku za ugonjwa: saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara, kwa mwaka. Mama anayeitwa na bingwa kila wiki mbili, na pengine akilazwa, atazimaliza kabla hajajifungua. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Na. 191 la mwaka 2000, lilisema kwamba mwanamke mja mzito aruhusiwe kutoka kazini kwenda kupimwa. Basi hatuombi jambo geni.

Twajua pia kwamba majani hayangoji. Lakini siku chache za kliniki kwa mama mmoja haziangushi kampuni.

Kwa hiyo, katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja ujao, twataka haya yaandikwe:

1. Mama mwenye barua ya mkunga au daktari alipwe siku ya kliniki kwa wastani wa mapato yake ya kila siku, wala asiandikwe mtoro.
2. Apewe kazi nyepesi bila kupunguziwa mshahara.
3. Kila shamba liwe na motokaa na dereva anayejulikana, usiku na mchana.
4. Ada ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile asilimia 2.75 tunayokatwa, ipelekwe kila mwezi bila kuchelewa, mama asifike hospitalini akaambiwa hajalipiwa.

Na sisi wenyewe tujikosoe. Katika mkutano ule wako wanaume waliocheka, wakisema hayo ni mambo ya wanawake. Mtoto aliyezikwa alikuwa na baba, naye ni mwanachama. Kila mume ajue dalili: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafula. Akiziona asingoje kupambazuke.

Wajumbe wa kila tawi wakusanye habari za akina mama waliozuiwa kwenda kliniki, wazilete kwa Katibu kabla ya mazungumzo kuanza. Tukifika mezani mikono mitupu, tutajibiwa kwamba jambo hili halipo.

UMOJA NI NGUVU.