Jua litapatwa saa ya makamio: barabara ya Kolwezi–Lubumbashi na tarehe 21 Mei 2031

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 21 Mei 2031, mwezi utapita mbele ya jua, na njia ya kivuli chake itapita juu ya Katanga ya zamani. Itatokea upande wa Angola, itagusa Zambia, itakata kusini-mashariki mwa Congo yetu, kisha itaingia Tanzania na kwenda Bahari ya Hindi. Halitakuwa giza kamili. Siku hiyo mwezi utakuwa mbali kidogo na dunia, utaonekana mdogo kuliko jua, na pembeni itabaki duara ya moto, sawa na pete. Kwetu itakuwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, wakati jua lingali chini.

Mwezi wa tano kwetu mvua imekwisha. Mbingu ni safi. Maana yake watu watakuja. Watatoka Kinshasa, watatoka nchi za jirani, watatoka na mbali zaidi. Na sisi wakaaji wa hapa tutahama pia, kwa sababu pete itaonekana tu ndani ya njia nyembamba ya kilomita mia na kitu upana wake. Mwenye kuwa kando ya njia hiyo ataona jua limeumwa upande mmoja, basi. Kwa hiyo wengi watapanda motokari kusogea katikati ya njia. Barabara watakayopanda tunaijua sote.

Mtu atauliza: mambo ya 2031, kwa nini kuyaongelea leo? Jibu ni kwamba ambuteyage hii ndiyo ya pekee ambayo tarehe yake, saa yake na hata dakika yake vinajulikana miaka mbele. Kama itatukamata bila kujipanga, hatutasema hatukuambiwa.

Kwenda ni rahisi, kurudi ndiyo kazi

Tuangalie kwanza wenzetu. Tarehe 21 Agosti 2017 jua lilipatwa kabisa Marekani, kutoka pwani moja hadi nyingine. Tarehe 8 Aprili 2024 likapatwa tena. Mara zote mbili watu walifika polepole: mwingine siku mbili mbele, mwingine usiku wa kuamkia, mwingine asubuhi. Barabara ilivumilia. Lakini jua lilipofunguka tena, kila mtu aliwasha motokari kwa saa moja. Safari ya saa tatu ikawa ya saa nane na zaidi.

Ni sawa na watu wanaotoka misa kwa mlango mmoja. Kuingia hakuna shida kwa sababu kila mmoja anaingia kwa saa yake. Kutoka, wote wanataka mlango ule ule wakati ule ule.

Na haikuishia kwa kuchelewa tu. Watafiti wa Toronto, Canada, walihesabu ajali za siku zile za 2017 na wakakuta ajali zenye kuua ziliongezeka karibu asilimia 31 kupita siku za kawaida. Giza lenyewe halikuwa sababu kubwa. Walichokitaja ni mwendo wa mbio, barabara watu hawaizoei, madereva wanaotazama juu, na haraka ya kurudi nyumbani. Na ile ni nchi yenye barabara za njia nne na sita.

Karibu na sisi

Wakubwa wetu wanakumbuka tarehe 21 Juni 2001. Siku ile giza kamili lilipita Angola, Zambia, Zimbabwe na Msumbiji. Lusaka usiku uliingia mchana kwa dakika tatu na zaidi. Huku kwetu sehemu kubwa ya jua ilifunikwa lakini giza kamili halikufika. Nchi ilikuwa bado katika vita, na wachache tu walivuka Kasumbalesa kwenda kutazama.

Tarehe 3 Novemba 2013 ilikuwa zamu ya Uganda kaskazini. Watu walikusanyika Pakwach, na hata Rais Museveni alifika. Pakwach ni mji mdogo, na daraja lake juu ya Nile ndilo linalobeba watu na mizigo ya upande ule wa West Nile. Halafu tarehe 1 Septemba 2016 ilikuwa pete, kama hii yetu inayokuja. Tanzania watu walijaa Rujewa, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, mji ulio karibu na barabara kuu ya kwenda Zambia, ile inayobeba pia mizigo ya Congo kutoka bandari ya Dar es Salaam.

Somo la sehemu hizi mbili ni moja. Jua halichagui mji mkubwa. Linachagua Pakwach, linachagua Rujewa, na watu wanalifuata huko hata kama kuna barabara moja tu.

Barabara yetu ina wenyewe

Sasa turudi ku Kolwezi. Kutoka hapa hadi Lubumbashi ni kilomita 300 hivi, kupitia Fungurume na Likasi. Kwa motokari ndogo, siku nzuri, ni saa nne au tano. Lakini kila anayesafiri anajua siku nzuri ni nini: ni siku ambayo kamio haijaanguka mbele yako. Shaba na kobalti za Lualaba zinatoka kwa barabara hii kwenda Kasumbalesa, na kutoka huko zinaenda Durban, Dar es Salaam na bandari zingine. Kiberiti, asidi, chokaa, mafuta na mashine vinaingia kwa barabara hiyo hiyo. Unga wa bukari nao uko mule ndani, nyuma ya foleni. Ku Kasumbalesa madereva wamezoea kulala siku kadhaa.

Na tunajua bei ya kuchanganya watu na mizigo ile. Mwezi wa pili 2019, kamio iliyobeba asidi iligongana na motokari zingine karibu na Tenke. Watu wasiopungua 18 walikufa. Hakukuwa na sikukuu yoyote siku ile, ilikuwa siku ya kazi ya kawaida.

Sasa weka juu ya siku ya kazi kama ile maelfu ya wageni wasioijua barabara. Ongeza mabasi ya makampuni yanayobeba wafanyakazi asubuhi. Ongeza jambo moja ambalo wengi hawatalifikiria: saa ile jua litakuwa chini upande wa mashariki, na dereva anayetoka Kolwezi kuelekea Likasi atakuwa nalo karibu usoni. Atataka kutazama. Nyuma yake kuna kamio ya tani 30.

Nani atakayeumia zaidi? Mtalii atachelewa ndege, atalalamika, yataisha. Lakini mama mjamzito anayepelekwa Lubumbashi kwa upasuaji hana saa sita za kukaa nyuma ya foleni. Muuzaji wa nyanya atafika na mzigo umeoza.

Kinachoweza kufanyika

Ushauri wanaopewa watu wa Ulaya na Marekani ni «fika mapema, chelewa kurudi». Ni mzuri, lakini kwetu hautoshi. Kwao barabara imejaa watazamaji. Kwetu tayari imejaa makamio, na dereva wa kamio hajichagulii saa, anafuata amri ya kampuni. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwa wenye kuamuru makamio.

La kwanza, makamio yasimame. Kuanzia jioni ya tarehe 20 hadi mchana wa tarehe 21 inatosha. Yasimame ndani ya maegesho, si pembeni ya lami. Mgodi unaopewa habari miaka mbele unaweza kupanga mizigo yake bila hasara kubwa. Unaoambiwa juma moja mbele utakataa, na utakuwa na sababu.

La pili, magavana wawili wakae pamoja. Fungurume iko Lualaba, Likasi iko Haut-Katanga. Kama jimbo moja litafunga makamio na lingine litaachilia, foleni itahama tu kutoka upande huu kwenda upande ule.

La tatu, kwenye vizuizi vya kulipia barabara na kwenye daraja la Lualaba, polisi wa roulage wawe na kazi moja tu: kupitisha watu, na ambulansi kwanza. Kukagua karatasi kungoje kesho yake.

La nne, kuna kipimo mbele yetu. Tarehe 25 Novemba 2030, miezi sita kabla ya pete yetu, jua litapatwa kabisa Namibia, Botswana na Afrika Kusini, hadi pwani ya Durban. Huko ndiko makamio yetu yanakoenda. Makampuni ya usafirishaji yataona kwa macho yao, na wakubwa wetu waulize yaliyotokea.

Na wewe baba, na wewe mama

Kama kijiji chako kiko ndani ya njia ya pete, usisafiri. Toka tu uwanjani. Kama ni lazima usogee, enda siku moja mbele, lala kwa ndugu, na urudi mchana au kesho yake. Patana na dereva bei ya kwenda na ya kurudi kabla ya kutoka, kwa sababu saa ya kurudi bei itapanda. Jaza mafuta mbele. Beba maji na chakula cha watoto. Mwenye ugonjwa wa kufuatiliwa apange safari yake ya hospitali juma lingine.

Usisimamishe motokari juu ya lami kutazama. Na macho: pete haina dakika hata moja ya kuitazama wazi, tofauti na giza kamili. Miwani ya jua ya kawaida haifai. Katika mji wa mafundi kama wetu, wengi watachukua kioo cha kusudia vyuma. Kile cha namba 14 kinafaa, vile vyepesi vya namba 9 au 10 vinaunguza macho.

Pete itakaa dakika chache tu. Foleni inaweza kukaa siku nzima, na hiyo haitoki mbinguni. Inaamuliwa ofisini, Kolwezi na Lubumbashi, na muda wa kuiamua bado tunao.