Braza kanyanyua Jimny, difu imebaki chini!

Kiuno bado kinanidai. Wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke pembeni kidogo, twende gereji. Hasa wewe mshikaji uliyeagiza ka-Jimny kako kutoka Japani na sasa unatafuta fundi wa kukanyanyua, soma hadi mwisho kabla hujatoa hela.

Braza wangu, mtoto wa mama mkubwa, ana shamba la nanasi huko ndani ndani Kiwangwa, wilaya ya Bagamoyo. Lami kwake si tatizo. Kasheshe ni zile kilomita za mwisho. Masika ikifika, malori yanachimba mifereji miwili, katikati linabaki tuta. Kwa hela ya mavuno mawili akanunua Suzuki Jimny JB23, ile ya injini ya cc 660 yenye tabo. Kadogo, lakini ni gari la kazi: chesisi kama ya lori, ekseli za moja kwa moja mbele na nyuma, springi za koili kote kote. Safari ya kwanza tu ikakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia.

Vijana wa gereji moja mjini wakamwambia dawa ni kunyanyua inchi 3. Wakachonga vipande vya chuma, zile spesa, wakavipachika juu ya springi zake zile zile. Asubuhi kaiacha, jioni kaichukua. Bwana wee, usipime! Gari limesimama kama jogoo, mtaa mzima unatoka kuangalia. Braza akawa anaegesha mbali na nyumbani makusudi ili apate kutembea na kugeuka kuliangalia. Ubishoo huo!

Jumamosi tukaondoka, mi nimekaa kushoto na mfuko wangu wa karanga. Tumeshaipita Bagamoyo, spidi 80, tairi za mbele zikagonga kiungo cha daraja moja. Usukani ukaanza kutikisika. Si kutikisika kule kwa tairi isiyo na balansi, hapana. Unakwenda kushoto kulia kwa nguvu mpaka mikono ya braza ikawa haionekani vizuri, dashibodi inalia, karanga zimeruka zote. "Dogo, shika!" Nishike nini sasa? Mbele yetu lilikuwa linakuja basi. Akaachia mafuta, akakanyaga breki taratibu, gari likatulia likiwa karibu limesimama, tairi moja iko kwenye majani. Hatukusemeshana kama dakika kumi hivi.

Na mkasa haujaisha. Tulipofika kwenye lile tuta, gari likakaa tena. Pale pale! Braza akalala kwenye tope kuchungulia. Bodi iko juu, unaweza kupitisha ndoo, lakini difu imezama kwenye udongo kama zamani.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja aliyezeekea kwenye Land Rover. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akainama chini ya gari kidogo tu, akaanza kucheka.

Sikiliza, maana hapa ndipo wengi tunapoibiwa. Kwenye gari lenye ekseli ya moja kwa moja, difu iko ndani ya ekseli, na ekseli imekaa kwenye tairi. Springi iko juu ya ekseli. Kwa hiyo ukiweka springi ndefu, spesa au hata tofali, kinachopanda ni chesisi na bodi. Difu haina habari. Kinachoinyanyua difu ni tairi kubwa peke yake, nayo inanyanyua nusu tu ya ongezeko lake. Piga hesabu: tairi ya JB23 ya kutoka kiwandani, 175/80R16, ina kimo cha milimita 686 hivi. Ukivaa 215/75R15 unafika 703. Difu imepanda milimita 8! Ukienda 235/75R15 unapata 733, difu inapanda milimita 23, lakini hapo utakata bampa na ka-injini ka cc 660 katalia kwenye kila mlima.

Basi springi ni za nini? Ni za kuipa tairi nafasi isikwangue bodi, na za kuzuia tumbo na bampa visiguse. Ni kazi nzuri, ila ujue ndiyo unayoilipia.

Sasa ule mtetemeko. Angalia uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala. Ndiyo maana unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda sawa. Ekseli ya Jimny nayo imelazwa hivyo hivyo, mafundi wanaita kasta. Inashikwa na mikono miwili inayotoka kwenye chesisi kwa nyuma yake. Ukinyanyua chesisi, mikono inainama na kuizungusha ekseli, kasta inapungua. Gari linakuwa jepesi mkononi, halirudi lenyewe katikati, na bushi zikiwa zimechoka kidogo tu, shimo moja linatosha kuamsha ngoma. Dawa ni bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni, au mikono mingine iliyopindwa. Halafu kuna ile fimbo inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia, panhadi. Gari likipanda, fimbo inaivuta ekseli upande mmoja, kwa hiyo tafuta yenye nyuzi za kurekebisha urefu.

Na shokapu jamani! Braza aliachiwa zile zile fupi, kwa hiyo tairi ikining'inia, shokapu ndiyo inayobeba uzito wa ekseli nzima. Hozi za breki ndo usiseme. Ukitoka gereji, mwambie fundi apige jeki mpaka tairi zining'inie, kisha akate usukani hadi mwisho pande zote mbili. Hozi ikikaza kama kamba ya kuanikia nguo, usiondoke.

Springi zenyewe chagua kwa mzigo unaobeba kila siku. Ngumu kwenye gari tupu zinakurusha kama punda (kiuno changu ni shahidi), na laini ukipakia nanasi zinalala. Usisahau pia kwamba upana wa hako kagari haufiki mita moja na nusu. Kila inchi unayoongeza, kona zinakuwa na maneno.

Braza alitupa zile spesa. Sasa ana springi za inchi 2, shokapu zake ndefu, bushi za kasta, panhadi mpya, hozi ndefu na tairi za 215. Taa za mbele nazo kazishusha, maana zilikuwa zinawapiga watu machoni. Hela iliyotumika ilikuwa ya mbegu. Tumevuka lile daraja kwa spidi 80, mi nimefumba macho, usukani kimya.

Na lile tuta? Milimita 8 hazikutosha, bwana. Braza kawalipa vijana wanne wenye majembe, wakalisawazisha kwa siku moja.