Kisukari si kikombe cha chai peke yake



Suala linalorudi kila mara, kutoka Wete hadi Mkoani, ni hili: vipi mtu asiyetia sukari hata kwenye chai akapata kisukari? Wengine huishia kusema ni kadari. Kweli ni kadari, lakini kadari ina sababu zake.

Chakula kikisagika huwa sukari ndani ya damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huifanya misuli na ini vipokee sukari hiyo. Unene wa tumbo, kukaa tu, na israfu ya wali na vya kukaanga huifanya insulini isisikilizwe. Hilo ndilo kubwa na tusilikimbie. Lakini lipo jengine. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yaliweka takriban sehemu moja katika tano ya mzigo wa kisukari cha aina ya pili kwenye hewa chafu, na moshi wa majikoni umo humo. Mama anayepuliza makumbi katika jiko lisilo dirisha anaivuta hewa hiyo kila siku.

Kisha plastiki. Bisfenoli A, iliyomo kwenye baadhi ya plastiki ngumu na utando wa ndani wa makopo, imeonekana kwa panya kuidhoofisha kazi ya insulini, na utafiti wa Marekani wa 2008 ulikuta kisukari zaidi kwa walio nayo nyingi kwenye mkojo. Huo ni uhusiano, si ithibati. Hata hivyo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vyombo vya chakula Disemba 2024. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini kwa sababu ya taka.

Hukumu yake? Penye yakini hakuna mjadala: dumu lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu kutiliwa maji ya kunywa ni haramu, na anayeliuza bila kusema ameghushi. Penye dhana, siwezi kumharamishia muuza urojo riziki yake. Ni bora kuepuka plastiki kwa chakula cha moto, na mteja aje na bakuli lake. Baba wa nyumba naye, kabla ya televisheni kubwa zaidi, atoboe dirisha jikoni. Makaazi salama ni haki ya mke.

Mwenye kutumia insulini asiiache kwa kuambiwa mitishamba itamtoa sumu. Na suala la kufunga Ramadhani aanze kwa daktari, kisha aje kwetu.

Wallahu a'alam.